Mama yuko kwenye vidonge 12 vya prednisoloni kwa siku: tumpunguzie?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 57 na kilo 60. Alianza na vidonda mdomoni, vikatibiwa kama fangasi kwa miezi minne, halafu yakaja malengelenge mgongoni na kifuani. Hospitali ya rufaa walikata kinyama wakakipima, wakasema ni pemfigasi. Sasa yuko wiki ya tano ya prednisoloni ya mg 5, vidonge 12 kwa siku. Pakiti imeandikwa 4 x 3. Malengelenge mapya yamekoma siku nne zilizopita. Lakini uso umejaa kama mpira, usiku halali, anakunywa maji bila kukoma na anaamka kukojoa mara tano. Zahanati walimpima sukari asubuhi kabla hajala, ikawa 5.6, wakasema hana kisukari. Shangazi anataka aache dawa kabisa, na jirani ameleta tyubu ya kupaka pamoja na dawa ya majani. Tumshushe hadi vidonge vinne? Na Ramadhani je, atafunga? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marhaba. Nianze na mawili ya kufanya leo kabla hujamaliza kusoma. Asiache dawa, wala msimpunguzie kwa uamuzi wa nyumbani. Na leo hii, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, mpimeni sukari tena. Kipimo cha asubuhi kimewadanganya, nitaeleza kwa nini.

Majina ya dawa nimeyaandika kama tunavyoyatamka. Kwenye pakiti herufi zitatofautiana kidogo.

Shangazi anautazama uso wa mama, na simlaumu, kwani uso ndio unaoonekana. Ila kwenye pemfigasi kinachoamua idadi ya vidonge ni ngozi na mdomo. Uso uliojaa, sukari, usingizi na presha kila kimoja kina tiba yake pembeni, dozi ikiwa palepale, mpaka ngozi yenyewe itoe ruhusa ya kushuka. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaorudi wodini na malengelenge mapya mwezi mmoja baadaye, wakaanza upya na dozi ileile au kubwa zaidi. Uso nao unajaa mara ya pili.

Kinachotokea kwenye ngozi yake ni hiki. Seli za tabaka la juu zimeshikana kwa protini ziitwazo desmogleini, fanya kama gundi. Kinga ya mwili wa mama imekosea njia: inatengeneza kingamwili zinazoishambulia gundi hiyo. Seli zinaachiana, maji yanajaa katikati, na lengelenge linalotokea ni legelege, paa lake jembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Linapasuka kwa kuguswa na shuka tu na kuacha nyama mbichi. Mdomoni huwezi hata kuliona lengelenge lenyewe, unakuta mchubuko. Ndiyo maana wagonjwa wengi huzungushwa kwa miezi na dawa za fangasi kabla mtu hajafikiria pemfigasi. Siyo ugonjwa wa kuambukiza, na mama anaweza kula sahani moja na wajukuu.

Kabla ya dawa za steroidi, ambazo prednisoloni ni mojawapo, kuingia hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1940, wengi wa waliopata ugonjwa huu walikufa, kwa maambukizi na kwa kupoteza maji na protini kupitia vidonda, karibu kama mtu aliyeungua moto. Kwa hiyo anaposema dawa "zinamharibu mama", shangazi ajue kwamba upande wa pili wa mizani hakuna uso mwembamba. Kuna ngozi iliyobanduka.

Prednisoloni huzituliza seli zinazotengeneza kingamwili mbaya, lakini haiondoi kingamwili zilizokwisha kuingia kwenye damu. Hizo hupungua zenyewe, nusu yake katika wiki tatu hivi. Ndiyo sababu dozi ya kuanzia, kwa kawaida mg 1 kwa kila kilo ya uzito (kwa mama mg 60, vidonge 12, hesabu iko sawa), hushikiliwa kwa wiki kadhaa hata mgonjwa akionekana ametulia. Siku nne bila lengelenge jipya ni habari njema sana. Hazitoshi.

Ruhusa ya kushuka hutoka pale masharti mawili yanapotimia pamoja: wiki mbili kamili bila lengelenge wala mchubuko mpya, na vidonda vya zamani vimepona kwa takriban asilimia 80. Chukueni daftari. Kila jioni baada ya kuoga, mtu mmoja, na awe yuleyule kila siku, ahesabu vidonda vipya: mgongo, kifua, kwapa, chini ya matiti, kichwani ndani ya nywele, kisha mdomo kwa tochi ya simu. Kichwani na kwenye fizi ndiko watu wanakosahau, na ndiko ugonjwa huu hupenda kubaki mwisho. Aandike namba tu. Daktari akiona namba za siku 14 ataamua kwa dakika moja jambo ambalo bila daftari angelikisia.

Masharti yakitimia, ngazi ya kawaida hushuka kwa robo ya dozi kila wiki mbili hadi kufikia mg 20. Kwa mama mfano wake ungekuwa vidonge 12, halafu 9, halafu 7, halafu 5, halafu 4. Kuanzia hapo mwendo unabadilika: nusu kidonge (mg 2.5) kila wiki mbili hadi nne, mpaka mg 10, kisha polepole zaidi. Vidonge vya mg 1 ni adimu kwenye maduka yetu mengi, basi hutumika nusu za mg 5, na wengine hupewa mpango wa kupishana, leo mg 7.5, kesho mg 5. Nunueni kikata-vidonge, kidonge kilichovunjwa kwa kisu cha jikoni hutoa nusu moja kubwa na nyingine vumbi. Ngazi hii ni mfano ili mwelewe mwendo. Ya mama ataandika daktari wake, na iandikwe kwenye karatasi yenye tarehe. "Punguza kidogo kidogo" peke yake si maelekezo.

Mkiwa njiani, lengelenge moja au mawili yanayokauka yenyewe ndani ya wiki moja hayavunji mpango; kaeni kwenye dozi ileile mkiangalia. Yakitokea matatu au zaidi ndani ya mwezi na hayaponi ndani ya wiki, au vidonda vya zamani vikianza kupanuka, huko ni kurudi kwa ugonjwa. Kawaida mgonjwa hurudishwa hatua mbili nyuma. Msimrudishe juu kileleni kwa hofu bila kumwona daktari.

Sasa kuhusu vidonge vinne mlivyowaza. Niwe mkweli: kutoka 12 hadi 4 kwa mkupuo hakutamwangusha siku hiyohiyo, maana mg 20 bado ni zaidi ya mwili unavyohitaji. Kitakachotokea ni ugonjwa kurudi. Hatari ya papo kwa papo iko kwenye pendekezo la shangazi, kuacha kabisa. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo hutengeneza kila siku kortisoli ya mtu mwenyewe, inayolingana na kama mg 5 za prednisoloni. Kidonge kikija kwa wiki kadhaa, tezi hizo hulala. Ukikata dawa ghafla, mwili unabaki bila ya kwake na bila ya kidonge: kulegea, kutapika, tumbo kuuma, presha kushuka, kizunguzungu anaposimama, na akipata homa juu yake anaweza kufa. Tezi zilizolala miezi mingi huchukua miezi kuamka, wakati mwingine mwaka. Kwa hiyo tatizo la dawa kuisha Ijumaa jioni na duka kufunguliwa Jumatatu ni tatizo la kweli. Wekeni akiba ya wiki mbili nyumbani, kila wakati.

Turudi kwenye sukari. Prednisoloni, hasa ikimezwa asubuhi, hupandisha sukari kuanzia adhuhuri, inafika kilele alasiri hadi jioni, halafu inashuka usiku. Alfajiri inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Zahanati walipima saa ambayo mwizi ameshaondoka. Kiu, kukojoa mara tano na mg 60 kwa siku vinatosha kunifanya niamini ana kisukari cha steroidi mpaka kipimo cha alasiri kikatae. Pimeni saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha jioni. Ikiwa 11.1 au zaidi, na dalili hizo anazo, jibu limepatikana. Ikipita 15, aonwe siku hiyohiyo. Ikipita 20, au akianza kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo au kutapika, huyo ni mgonjwa wa dharura.

Tiba itategemea namba. Wengine hutosha kwa metformini na kubadili chakula: ugali na wali vipungue mchana, soda na juisi viondoke kabisa, chai iwe bila sukari. Akihitaji insulini ya muda wa kati, kwa anayemeza dawa asubuhi ichomwe asubuhi. Wakiandika ya usiku, ulizeni kwa upole kwa nini, maana huyo ataamka saa kumi alfajiri akitetemeka na jasho jembamba, sukari imeporomoka. Na kila hatua ya prednisoloni ikishuka, insulini nayo ishuke. Hili husahaulika kweli: mgonjwa anateremka hadi vidonge vitano, lakini uniti za insulini zimebaki zile za vidonge 12.

Kuhusu usingizi, mlaumiwa ni ile 4 x 3. Kidonge cha saa mbili usiku kinauambia ubongo kwamba kumekucha. Mwombeni daktari aziweke zote pamoja saa moja au saa mbili asubuhi, baada ya chakula. Mara nyingi baada ya hapo usingizi hurudi ndani ya siku chache na sukari ya usiku hutulia. Kugawa dozi kwa siku huachiwa hali maalumu, na mara nyingi 4 x 3 huandikwa kwa mazoea tu. Akianza kuongea bila kupumua, kuona watu wasiokuwepo, au kulia na kujitenga, hayo si majini. Dozi kubwa huweza kuvuruga akili, na hutibika. Pelekeni taarifa mapema.

Uso uliojaa, mafuta ya shingo na mashavu mekundu havina dawa ya kuvipunguza zaidi ya kushuka kwa dozi. Vitapungua miezi inavyokwenda. Chumvi ndogo itasaidia kwenye uvimbe wa miguu na presha, na hapo nina onyo mahsusi: presha ikipanda, dawa moja inayopatikana kirahisi kwetu ni kaptoprili. Hiyo, na kwa kiasi kidogo ndugu zake kama enalaprili, zimewahi kuamsha pemfigasi kwa baadhi ya watu. Amlodipini haijulikani sana kwa shida hiyo. Daktari wa presha asipoambiwa ugonjwa wa ngozi ni upi, hana namna ya kulijua hili.

Ukanda wa Tanga una joto na unyevunyevu, na kwenye udongo wa pwani kuna mnyoo mmoja mdogo, strongiloidi, unaoingia kupitia nyayo na kukaa tumboni miaka na miaka bila kelele. Kwa mtu mwenye kinga nzima ni mgeni mpole. Kwa aliye kwenye steroidi nyingi unaweza kuzaliana, ukasambaa mwilini hadi mapafuni ukibeba bakteria wa utumbo, na wengi wanaofikia hatua hiyo hawaponi. Albendazoli ya dozi moja, ile ya kila miezi sita, haitoshi kwa mnyoo huu. Inayotakiwa ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kilo, ambayo kwa mama ni mg 12, na mara nyingi dozi hurudiwa. Kama hakupewa kabla ya kuanza prednisoloni, aulizie sasa. (Wasomaji wa Kongo: penye mnyoo wa jicho, loa loa, damu ipimwe kwanza, kwani ivermektini kwa mwenye minyoo mingi ya loa huleta madhara makubwa.)

Vipimo vingine vilitakiwa vifanyike mwanzoni, na kama havikufanyika bado muda upo: HIV, homa ya ini B, picha ya kifua, damu kamili, figo. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au homa za jioni zinamaanisha makohozi yapimwe TB. Steroidi huificha homa, kwa hiyo joto dogo kwa mama lichukuliwe kama kubwa kwa mwingine. Ikithibitika TB, wanaomtibu TB na wanaomtibu ngozi lazima wazungumze, kwa sababu rifampisini huiunguza prednisoloni haraka mwilini na dozi iliyokuwa inatosha huwa haitoshi tena. Mara nyingi hulazimu kuiongeza karibu mara mbili. Baadhi ya dawa za kifafa, karbamazepini na fenitoini, hufanya vivyo hivyo. Ritonaviri kwenye mchanganyiko wa ARV hufanya kinyume, huirundika.

Mifupa huanza kupungua mapema, zaidi ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Kalsiamu kama mg 1,000 kwa siku ukijumlisha na ya chakula (dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa) na vitamini D uniti 800. Kwa umri wake na dozi yake daktari anaweza kufikiria alendroneti ya mg 70 kwa wiki, ila kidonge hicho huchubua umio, na pemfigasi nayo hushuka kooni. Kama bado chakula kinamuuma akimeza, alendroneti isubiri au itafutwe dawa ya sindano. Maumivu mapya ya kinena au nyonga akitembea yasiitwe uzee. Steroidi zinaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja.

Omeprazoli mg 20 asubuhi inafaa, hasa kama anatumia dawa za maumivu, ingawa jibu zuri zaidi ni asiguse diklofenaki wala ibuprofeni. Parasetamoli inatosha. Macho yapimwe ndani ya mwaka. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, hapana kwa sasa.

Je, atabaki na steroidi peke yake? Swali hilo hukuuliza, lakini ndilo ningependa umpelekee daktari. Siku hizi prednisoloni kwenye pemfigasi huhesabiwa kuwa daraja, na dawa ya pili huanzishwa mapema ili daraja liwe fupi. Inayopatikana zaidi kwetu ni azathioprini, mg 1 hadi 2.5 kwa kilo. Ni ya polepole, huchukua wiki sita au zaidi kuonyesha kazi, kwa hiyo anayeianza leo atavuna wakati anateremka ngazi. Huweza kushusha chembe za damu na kuudhi ini: damu kamili na vipimo vya ini kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kwa nafasi. Isichanganywe na alopurinoli ya gauti. Mchanganyiko huo huua uboho.

Bora zaidi ni rituksimabu, dripu ya gramu 1 mara mbili kwa kupishana wiki mbili, inayofuta seli zile zinazozaa kingamwili. Utafiti wa Ufaransa wa 2017 kwa wagonjwa 90 uliwapa kundi moja rituksimabu na prednisoloni ya muda mfupi, jingine prednisoloni peke yake kwa muda mrefu. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wamepona na hawamezi dawa yoyote walikuwa asilimia 89 kwenye kundi la kwanza na 34 kwenye la pili. Marekani iliidhinisha kwa pemfigasi 2018. Bei yake ndiyo ukuta, na bila kupima homa ya ini B haitolewi. Lakini ulizeni kama bima inaigusa. Kama hospitali mliyopo haina daktari wa ngozi, kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC Moshi, RDTC, kimekuwepo tangu 1992, na kutoka Tanga basi linafika siku hiyohiyo. Ombeni barua ya rufaa na nakala ya majibu ya kinyama.

Ya jirani. Tyubu kwanza. Ninachokishuku, kwa sababu ndicho kinachozunguka mitaani, ni klobetasoli, steroidi ya kupaka yenye nguvu kuliko zote, ileile inayotiwa kwenye mkorogo. Si sumu yenyewe. Kwenye vidonda vichache vilivyokaidi vya pemfigasi daktari anaweza kuiongeza juu ya vidonge, na kwenye ugonjwa mwingine unaokaribiana nao, pemfigoidi, ule wa wazee wenye malengelenge magumu yanayowasha, klobetasoli ya asilimia 0.05 ikipakwa mwili mzima, gramu 40 kwa siku, imeonekana kuwa salama kuliko vidonge kwa waliozidiwa. Gramu 40! Tyubu ya jirani ni gramu 15 au 30, itaisha kabla ya kufika kiunoni. Kwa mama haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge. Ikielekezwa, kipimo ni ncha ya kidole: mstari wa krimu kutoka mkunjo wa mwisho wa kidole cha shahada hadi nchani, nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Usoni na kwapani isipakwe bila kuambiwa.

Dawa ya majani sitaibishia bila kuiona, ila nina kanuni moja: dawa "ya asili" inayokausha malengelenge ndani ya siku tatu, ikaleta hamu kubwa ya kula na mashavu, ichunguzwe kama haina steroidi iliyosagwa ndani. Deksamethasoni ni rahisi na ndogo, mg 0.75 tu zinalingana na mg 5 za prednisoloni. Zimeuzwa sana kama dawa za kunenepesha. Mama akinywa hiyo juu ya vidonge 12, hakuna atakayejua yuko kwenye dozi gani, na siku dawa hiyo ikiisha tezi zitakuwa zimelala kwa hesabu msiyoijua. Na isipakwe kwenye vidonda. Wala majivu, spiriti au dawa ya meno.

Vidonda vyenyewe: lengelenge kubwa linalouma litobolewe pembeni kwa sindano safi ya duka la dawa, maji yakamuliwe taratibu kwa gozi, na paa liachwe lilale juu ya nyama. Hilo ni bandeji bora kuliko ya kununua. Maji ya pamanganeti yafanye mepesi, kidonge cha mg 400 kwenye lita 4, rangi ya waridi hafifu. Yakiwa zambarau yameshakuwa makali, na punje isiyoyeyuka huunguza. Dakika kumi, kausha kwa kugusa bila kusugua, paka vaselini nyingi, funika kwa gozi iliyolowa vaselini. Plasta ya gundi isiguse ngozi yake hata mara moja, itaibandua. Shuka likiganda, lilowesheni kwanza. Hospitali kadhaa za India huwalaza wagonjwa wa namna hii juu ya majani ya mgomba yaliyochemshwa. Hayashiki kidonda, na kwetu hayanunuliwi.

Mdomo: mswaki laini wa mtoto, kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, uji uliopoa, mtindi, parachichi, samaki wa kuchambua. Pilipili, ndimu, chipsi na kashata vipumzike. Utando mweupe unaofutika kwa gozi ni fangasi walioletwa na dawa. Huo hutibiwa kwa nistatini na prednisoloni haiguswi. Msipake GV, ile dawa ya zambarau, mdomoni kwa mazoea, inaficha vidonda na daftari lenu litadanganya.

Ramadhani: akiwa mg 60, ana vidonda wazi na sukari haijatulia, asifunge, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi kwenye dini. Akifika chini ya mg 10 na sukari iko sawa bila insulini, daktari anaweza kukubali, dozi ikimezwa wakati wa daku. Siku akitapika au akizimia kwa kizunguzungu anafungua palepale.

Mwisho ni kadi. Kateni kipande cha karatasi ngumu, kiwe ndani ya kitambulisho chake: jina la dawa, dozi ya leo kwa penseli, tarehe alipoanza, na maneno "Anatumia steroidi kila siku, isikatizwe." Atakapokuwa ameshuka chini ya mg 10 kisha akapata malaria au homa yoyote kali, apandishwe hadi mg 10 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, mpaka apone, halafu arudi alipokuwa. Akitapika kidonge ndani ya nusu saa, arudie. Akitapika tena, msikae nyumbani mkisubiri kutulia: pale hospitali waonyesheni kadi na waambieni anahitaji haidrokotisoni mg 100 ya sindano, kabla hata ya majibu ya maabara. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kung'oa jino gumu, kadi ionyeshwe. Na kwa kuwa hatujui tezi zake zitaamka lini, kadi ibaki kwenye kitambulisho mwaka mzima baada ya kidonge cha mwisho.